Mawe Yaleyale: Magofu ya Wamaya, Makanisa na Makumbusho ya Yucatán

Rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, ni bamba kubwa la mawe ya chokaa lililochomoza kati ya Ghuba ya Meksiko na Bahari ya Karibi. Upande wake wa kaskazini hauna mto unaopita juu ya ardhi, wala mlima wa kutajika. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa za mawe na kukusanyika chini. Paa la pango likiporomoka, hubaki shimo lenye maji safi ambalo wenyeji huliita senote. Mashimo hayo yapo kwa maelfu. Baadhi yamejipanga katika nusu duara pana kuizunguka bandari ndogo ya Chicxulub, yakifuata ukingo wa shimo lililochimbwa na kimondo kilichoanguka hapo miaka milioni 66 iliyopita, kimondo ambacho wanasayansi wengi wanakihusisha na kutoweka kwa dinosaria.

Maji na mawe ndivyo vilivyoamua watu waishi wapi na wajenge vipi. Miji ya Wamaya ilisimama penye senote, au pale watu walipoweza kuhifadhi maji ya mvua. Jiwe la chokaa halikuwa la kutafuta: lilikatwa kwa zana za mawe, kwa kuwa Wamaya hawakutumia chuma, na vipande vyake vikachomwa kwa kuni hadi kuwa chokaa ya kujengea na kupaka. Ndiyo maana anayezunguka eneo hili leo hukutana na jiwe lilelile kwenye ngazi za piramidi, kwenye kuta za makanisa ya karne ya 16, na ndani ya makabati ya vioo ya makumbusho. Watalii wengi huzigawa ziara hizo: magofu asubuhi, kanisa mchana, makumbusho siku ya mvua. Wanakosa mengi. Kanisa la Izamal halieleweki bila piramidi iliyovunjwa kulipisha, na piramidi yenyewe haisemi mengi bila vitabu vya Wamaya, vile vilivyochomwa na vichache vilivyosalimika.

Pa kuanzia pazuri ni Uxmal, kilomita 80 hivi kusini mwa Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán. Mji huu ulifikia kilele chake katika karne ya 9 na mwanzoni mwa karne ya 10, kwenye vilima vya Puuc, eneo lenye udongo wenye rutuba lakini lisilo na senote. Wakazi wake waliishi kwa kukinga mvua. Walichimba matangi yenye umbo la chupa, mdomo mwembamba juu na tumbo pana chini, wakayapiga lipu ndani na kuziinamisha sakafu za nyua ili maji yateremkie humo. Mahali kama hapo mungu wa mvua, Chaac, hawezi kuwa mungu wa pembeni. Sura yake imetapakaa kwenye kuta: macho ya mviringo, meno yaliyo wazi, na pua ndefu iliyojikunja.

Sura hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu zinaonyesha namna mafundi wa Puuc walivyofanya kazi. Uso mmoja haukuchongwa kwenye jiwe moja. Jicho lilichongwa peke yake, nyusi peke yake, pua peke yake, na kila kipande kiliachiwa kisiki nyuma cha kuchomekea kwenye kiini cha ukuta, ambacho ni kokoto na chokaa. Mafundi walitoa vipande vingi vya vipimo vinavyolingana, kisha wakavipanga ukutani. Katika mji jirani wa Kabah kuna jengo liitwalo Codz Poop ambalo uso wake wa mbele umejaa sura za Chaac zaidi ya 250, mstari juu ya mstari, hadi ukuta mzima unaonekana kukodoa macho. Pua nyingi zimevunjika, na palipovunjika ndipo mtu anapoona vizuri jinsi kisiki kilivyozama ukutani.

Jengo bora kuliko yote huko Uxmal ni lile Wahispania waliloliita Ikulu ya Gavana. Limeinuliwa juu ya jukwaa refu, na uso wake wa mbele una urefu unaokaribia mita 100. Nusu ya chini ya ukuta ni tupu kabisa. Nusu ya juu ina nakshi za mraba, za nyoka na za Chaac zilizosukwa kwa maelfu ya vipande vya mawe. Utupu ule wa chini ndio unaoipa nakshi ya juu nguvu yake, na si ajabu kwamba wasanifu wa majengo wa karne ya 20 walikuja hapa kujifunza. Jengo limegeuzwa upande usiolingana na majirani zake. Chini ya macho ya sura nyingi za Chaac kumechongwa alama ya sayari ya Zuhura, na watafiti wanauhusisha mwelekeo wa jengo na mwendo wa sayari hiyo kwenye upeo wa macho.

Ndani, vyumba ni vyembamba na virefu. Sababu ni paa. Wamaya hawakutumia tao lenye jiwe la ufunguo kileleni kama la Warumi. Kuta mbili zilisogezwa jiwe baada ya jiwe kuelekeana, kisha mwanya uliobaki juu ukafunikwa kwa bapa la jiwe. Paa la namna hiyo haliwezi kuvuka nafasi pana, kwa hiyo hata jumba la mtawala lilikuwa na vyumba ambavyo upana wake ni hatua chache tu.

Majina ya majengo yasimpotoshe mgeni. Hapakuwa na gavana, wala jengo liitwalo Nyumba ya Watawa halikuwahi kukaliwa na mtawa. Wahispania waliona ua uliozungukwa na vyumba vingi vidogo wakakumbuka nyumba za kitawa za kwao. Piramidi ya Mchawi, yenye kimo cha mita 35 hivi na pembe zilizoviringwa, imepata jina kutokana na hadithi ya kibeti aliyeijenga kwa usiku mmoja. Wachimbaji wamegundua kwamba ilijengwa kwa awamu tano, hekalu jipya likimeza la zamani. Kujenga juu ya hekalu, basi, hakukuanza na Wahispania. Wamaya walilifunika jengo la zamani ili nguvu zake zibaki chini ya jipya. Waliokuja baadaye walivunja ili nguvu hizo zikome. Tofauti hiyo ni muhimu kwa kila kinachofuata.

Chichén Itzá, kilomita 120 mashariki mwa Mérida, ndilo gofu linalojulikana zaidi, na msongamano wa watu ndiyo gharama yake. UNESCO iliutambua mji huo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1988, na Uxmal mwaka 1996. Piramidi ya Kukulcán ina pande nne, kila upande ngazi 91. Ukiongeza daraja la mwisho la hekalu juu, jumla ni 365. Wakati mchana na usiku vinapolingana, Machi na Septemba, jua la alasiri hutupa vivuli vya pembetatu ubavuni mwa ngazi ya kaskazini, navyo huungana na kichwa cha nyoka kilichochongwa chini kabisa. Maelfu hukusanyika kutazama. Kupanda piramidi kumepigwa marufuku tangu katikati ya miaka ya 2000, uamuzi ambao ulipaswa kuja mapema zaidi, kwani mawe yalikuwa yakisuguliwa na nyayo kila siku. Ndani yake kuna piramidi nyingine ndogo zaidi. Katika miaka ya 1930 wanaakiolojia waliochimba njia kuingia humo walikuta kiti cha enzi chenye umbo la jagwa, kimepakwa rangi nyekundu na kutiwa madoa ya jade ya kijani.

Uwanja mkubwa wa mpira una urefu wa mita 168. Wachezaji waliupiga mpira mzito wa raba kwa nyonga, na pete za mawe zimening'inia juu sana ukutani. Chini, kwenye mabenchi ya mawe, kumechongwa mchezaji aliyekatwa kichwa, na damu inayomtoka shingoni imegeuka nyoka na mimea yenye maua. Wachongaji walikusudia sadaka hiyo isomwe pamoja na rutuba ya ardhi, na mgeni anayepita haraka huondoka ameona ukatili peke yake.

Kuhusu sadaka, hadithi iliyoenea zaidi ni ya wasichana mabikira waliotupwa kwenye Senote Takatifu, shimo lenye kipenyo cha mita 60 hivi kaskazini mwa piramidi. Hadithi hiyo haikubaliani na mifupa. Mwaka 1967, karibu na senote hiyo, ndani ya tangi la kale la maji, yalipatikana mabaki ya watoto zaidi ya 100. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 uliwapima 64 kati yao, wote wakawa wavulana, wakiwemo jozi mbili za mapacha wanaofanana. Watafiti walilinganisha pia vinasaba hivyo na vya wakazi wa sasa wa kijiji cha Tixcacaltuyub, wakathibitisha kwamba wakazi hao ni wazao wa watu wa kale wa eneo hilo. Jambo hili lapaswa kusemwa waziwazi kwa sababu bado wapo wanaoandika kwamba Wamaya walitoweka. Miji ilihamwa, kila mmoja kwa wakati wake, na ukame na vita vilichangia. Watu walibaki. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu wasemaji wa Kimaya cha rasi hii zaidi ya 770,000.

Vitu vilivyozamishwa kwenye Senote Takatifu vilikuwa na safari yao. Mwaka 1894 Edward H. Thompson, konsuli wa Marekani, alinunua shamba ambalo magofu ya Chichén Itzá yalikuwa ndani yake. Kuanzia mwaka 1904 aliliparua tope la senote kwa mashine, akatoa jade, dhahabu, ubani wa kopali, vipande vya nguo na mifupa ya watu, na sehemu kubwa ikapelekwa kwenye Makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard. Serikali ya Meksiko ililitaifisha shamba lake mwaka 1926. Mwaka 1944 mahakama kuu ya nchi hiyo ikaamua kwa faida ya warithi wake. Baadhi ya vitu vilirudishwa baadaye, lakini vingi bado viko Harvard, na anayetaka kuujua mji huu kikamilifu hulazimika kuvuka mpaka.

Wahispania walijaribu kuiteka rasi hii mwaka 1527 wakiongozwa na Francisco de Montejo, wakashindwa, wakarudi, wakashindwa tena. Hapakuwa na mfalme mmoja ambaye akitekwa nchi yote imetekwa. Zilikuwepo himaya ndogo zaidi ya kumi, na kila moja ilibidi ishindwe kivyake. Mwanawe Montejo, mwenye jina hilohilo, ndiye aliyeanzisha Mérida tarehe 6 Januari 1542, katikati ya mji wa Kimaya wa T'hó. Majengo makubwa ya mawe yaliwakumbusha Wahispania magofu ya Kirumi ya Mérida ya kwao, wakalichukua jina hilo. Kisha wakayafanya majengo hayo machimbo.

Kanisa Kuu la Mérida, lililoanza kujengwa mapema miaka ya 1560 na kukamilika mwaka 1598, ni miongoni mwa makanisa makuu ya kwanza kumalizika katika bara lote la Amerika. Limejengwa kwa mawe ya mahekalu ya T'hó na kwa mikono ya wajukuu wa walioyajenga mahekalu hayo. Kwa nje linafanana na ngome. Ndani ni peupe na patupu, tofauti na makanisa mengi ya Meksiko yanayong'aa dhahabu: mwaka 1915, wakati wa Mapinduzi ya Meksiko, umati ulilivamia, ukavunja madhabahu na kuchoma sanamu ya Kristo iliyoheshimiwa kuliko zote mjini. Utupu huo unafaa. Nguzo nene za mawe zinaonekana zilivyo, na msalaba mkubwa wa mbao nyuma ya altare, wenye sanamu ya Kristo ya zaidi ya mita 7, hauna kinachoshindana nao.

Upande wa kusini wa uwanja huohuo kuna nyumba ya akina Montejo, ya miaka ya 1540, ambayo sasa sehemu yake ni makumbusho. Mlangoni, juu, wamechongwa askari wawili wa Kihispania wakiwa na mikuki, miguu yao imekanyaga vichwa vya watu waliofumbua vinywa kwa maumivu. Hakuna maelezo ya mwongozaji yanayoweza kusema zaidi ya jiwe hilo kuhusu jinsi washindi walivyotaka kuonekana.

Kazi ya dini waliachiwa Wafransisko, walioanza kufika miaka ya 1540. Mjenzi wao mkuu alikuwa Juan de Mérida, askari wa uvamizi aliyevaa kanzu ya utawa, na ndiye anayetajwa katika ujenzi wa nyumba za kitawa za Maní, Izamal na Valladolid. Watu waliokuwa wakiishi wametawanyika kandokando ya mashamba yao walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vipya, karibu na kanisa, ili wahubiriwe na watozwe kodi. Waumini wakawa wengi kuliko nafasi. Watawa walitatua tatizo hilo kwa kujenga altare ndani ya kuba la mawe lililo wazi upande wa mbele, watu wakasimama uwanjani chini ya paa la makuti. Kuba la namna hiyo limebaki Dzibilchaltún, kaskazini mwa Mérida, katikati kabisa ya uwanja wa Wamaya, na mawe yake ni ya magofu yanayolizunguka. Upande mmoja mgeni huona senote iitwayo Xlacah, upande mwingine barabara ya kale inayoelekea Hekalu la Wanasesere Saba.

Izamal, kilomita 70 hivi mashariki mwa Mérida, ulikuwa mji wa hija wa Wamaya kabla haujawa mji wa hija wa Wakatoliki. Wafransisko walikata kilele cha mojawapo ya piramidi zake wakajenga nyumba ya Mtakatifu Antonio wa Padua juu ya jukwaa lililobaki. Ilikamilika mwaka 1561. Mgeni hupanda mteremko mrefu kuifikia, na mteremko huo ni wa piramidi. Juu hufunguka ua mpana uliozungukwa na matao 75, yaliyopakwa manjano iliyokolea kama majengo yote ya katikati ya mji. Akiziangalia kuta kwa makini, ataona hapa na pale jiwe lenye nakshi ya Kimaya, limelazwa ukutani kama tofali lolote. Mitaa michache kaskazini kuna piramidi ya Kinich Kakmó, yenye kimo cha mita 34 hivi na kitako cha karibu mita 200, kubwa mno kuweza kuvunjwa. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Izamal Agosti 1993 kukutana na watu wa asili wa Amerika, na ziara hiyo bado inakumbukwa mjini. Katika mji huohuo imesimama sanamu ya mtawa Diego de Landa, na hapo ndipo ziara inapokuwa nzito.

Landa alikuwa mkuu wa Wafransisko wa Yucatán. Mwaka 1562, karibu na mji wa Maní, liligunduliwa pango lenye sanamu za miungu na mafuvu. Ukoo wa Xiu uliotawala Maní ulikuwa mshirika wa Wahispania na ulikwishabatizwa, kwa hiyo Landa alihisi amesalitiwa. Aliunda mahakama yake mwenyewe. Ndani ya miezi mitatu zaidi ya watu 4,500 waliteswa, wengi kwa kuning'inizwa kwa mikono, na uchunguzi rasmi wa baadaye ulithibitisha kwamba 158 walikufa. Tarehe 12 Julai 1562, mbele ya nyumba ya watawa ya Maní, zilichomwa moto sanamu kwa maelfu pamoja na vitabu vya Wamaya, ambavyo kwa kawaida hutajwa kuwa 27. Vilikuwa vimeandikwa kwenye karatasi ya magome ya mti iliyopakwa chokaa nyeupe, iliyokunjwa mkunjo juu ya mkunjo: kumbukumbu za nyota, kalenda, kilimo, ibada. Ni hasara isiyofidika, na hakuna udhuru wa zama zile unaoipunguza. Hata miongoni mwa Wahispania walikuwepo waliopinga. Askofu Francisco de Toral, aliyefika Agosti mwaka huohuo, alisimamisha mahakama na kuwafungua wafungwa.

Landa aliitwa Uhispania kujibu mashtaka. Akiwa huko, karibu mwaka 1566, aliandika kitabu kuhusu maisha, imani na kalenda ya watu aliowatesa, na humo akachora alama ishirini na kitu alizozidhania kuwa alfabeti yao. Alisamehewa, akarudi kuwa askofu wa Yucatán, akafia Mérida mwaka 1579. Nakala ya kitabu chake ilipatikana Madrid katika miaka ya 1860, lakini alfabeti ile haikumsaidia msomaji yeyote. Mwaka 1952 Yuri Knorozov, mtafiti kijana wa Leningrad, alieleza kwa nini. Landa alimtajia Mmaya majina ya herufi za Kihispania, na Mmaya akachora alichokisikia, yaani silabi. Kwa hiyo maandishi ya Wamaya yalikuwa na alama za silabi pamoja na alama za maneno mazima. Wataalamu wengi wa Magharibi walimkejeli. Miaka ishirini au thelathini baadaye walikuwa wakisoma majina ya wafalme kwenye mawe kwa njia aliyoifungua. Mtu aliyevichoma vitabu ndiye aliyeacha, bila kujua, msaada mkubwa wa kusoma vilivyosalia.

Vilivyosalia ni vinne. Kimoja kiko Dresden, kimoja Madrid, kimoja Paris, na cha nne, ambacho wataalamu wa Meksiko walithibitisha uhalisi wake mwaka 2018, kiko Jiji la Meksiko. Yucatán hakuna hata kimoja. Huko Maní penyewe kanisa la Mtakatifu Mikaeli bado linatumika, kuba lake la wazi limebaki, na uwanja ulio mbele ni mahali pa watoto kucheza na wachuuzi kupumzika.

Valladolid, kilomita 160 mashariki mwa Mérida, una nyumba ya watawa ya Mtakatifu Bernardino wa Siena, iliyojengwa kati ya 1552 na 1560 juu ya senote. Watawa walichota maji bila kutoka nje ya kuta zao, na banda la gurudumu la kuvutia maji bado lipo bustanini. Wapiga mbizi waliposhuka humo walitoa bunduki nyingi na mzinga, mabaki ya vita ambavyo wageni wengi hawajawahi kuvisikia.

Vita hivyo vilianza Julai 1847. Wamaya walikuwa wamepokonywa mashamba na misitu kwa ajili ya miwa, wakabebeshwa kodi za serikali na ada za kanisa. Baada ya kiongozi wao mmoja, Manuel Antonio Ay, kuuawa hadharani Valladolid, wenzake Cecilio Chi na Jacinto Pat waliongoza uasi ulioenea karibu rasi nzima. Kufikia katikati ya mwaka 1848 waasi walikuwa wakikaribia Mérida. Hawakuiteka; masimulizi ya wazao wao yanasema mvua zilianza na wapiganaji wakarudi kupanda mahindi. Wamaya wengi waliotekwa waliuzwa Cuba kama vibarua wa miwa, biashara ambayo Rais Benito Juárez aliipiga marufuku mwaka 1861. Waliobaki walijitenga misituni mashariki, katika mji wa Chan Santa Cruz, chini ya uongozi wa msalaba ambao waumini waliamini unasema. Huko, mwaka 1858, walijenga kanisa lao la mawe, na safari hii waliobeba mawe walikuwa mateka weupe. Jeshi la Meksiko halikuuteka mji huo hadi mwaka 1901. Leo unaitwa Felipe Carrillo Puerto, na kanisa bado lipo.

Kumbukumbu ya vita hivyo imetunzwa vizuri zaidi Tihosuco, mji wa Jacinto Pat, kusini mwa Valladolid. Makumbusho ya hapo ni madogo, na wageni wake ni wachache. Jirani yake kuna kanisa la karne za ukoloni ambalo uso wake wa mbele uliharibiwa vitani na haukujengwa tena. Ibada hufanyika kwenye sehemu iliyobaki, na tao la paa linaonekana kutoka barabarani. Wakazi hawakulikarabati liwe jipya, na walifanya vyema.

Mérida yenyewe inaonyesha sura nyingine, ya utajiri. Barabara pana ya Paseo de Montejo imejaa majumba ya fahari ya mwanzoni mwa karne ya 20, na fedha zake zilitoka kwenye henequen, mmea wa jamii moja na mkonge. Kamba zake zilisafirishwa kupitia bandari ya Sisal, na jina la bandari hiyo ndilo ulimwengu uliloipa katani. Mashambani walifanya kazi Wamaya waliofungwa na madeni ya duka la tajiri, madeni yaliyorithiwa na watoto, pamoja na Wayaqui waliohamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini mwa Meksiko. Msomaji aliyesikia habari za manamba wa Tanga hatahitaji maelezo marefu. Uhusiano ni wa moja kwa moja: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ulikokuwa umepelekwa kutoka Yucatán. Iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62, nayo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanganyika, ambayo baadaye yalikuwa miongoni mwa washindani walioiangusha Yucatán sokoni. Kwenye shamba la Yaxcopoil, kando ya barabara ya kwenda Uxmal, nyumba ya bwana na kiwanda cha kutolea singa vimehifadhiwa kama makumbusho.

Mojawapo ya majumba ya Paseo de Montejo, lile la Jenerali Francisco Cantón lililokamilika mwaka 1911, sasa ni Makumbusho ya Mkoa ya Anthropolojia. Jengo lenyewe, na ngazi zake za marumaru, ni onyesho la kwanza. Makumbusho Makuu ya Ulimwengu wa Wamaya, yaliyofunguliwa mwaka 2012 kaskazini mwa jiji, ni makubwa zaidi na yana vitu zaidi ya elfu moja. Ubora wake ni mpangilio: yanaanza na Wamaya wa leo, lugha yao, mashamba na sherehe zao, kisha yanarudi nyuma kwenye ukoloni na miji ya kale. Anayeingia hapo kabla ya kwenda kwenye magofu huyaona kwa jicho tofauti. Chichén Itzá nako kulifunguliwa makumbusho mapya mwaka 2024, sambamba na Treni ya Maya, reli iliyoanza kazi Desemba 2023. Reli hiyo imerahisisha safari kati ya Mérida, Izamal, Chichén Itzá na Valladolid. Imekata pia misitu na kupita juu ya mapango ya chokaa, na malalamiko ya wanamazingira hayakuwa ya bure.

Miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo mizuri kwa ziara. Aprili na Mei joto hukaribia nyuzi 40, na kati ya Juni na Novemba kuna hatari ya vimbunga. Mwanzoni mwa Novemba familia za Kimaya huwaandalia marehemu wao chakula, na makaburi na nyua za makanisa hujaa watu. Chichén Itzá ni vyema kufika saa 2 asubuhi, lango linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya Cancún. Tiketi hulipwa mara mbili, moja ya taasisi ya taifa na nyingine ya jimbo. Maní, Kabah na Tihosuco haziko kwenye njia ya reli. Huko huendwa kwa gari la kukodi au kwa mabasi madogo ya wenyeji, na anayetaka kuiona Tihosuco bila haraka alale Valladolid na kuondoka asubuhi.